Usingoje Kesha ya Ijumaa



Baridi ya Julai imeingia Eastlands, na kutoka Umoja hadi Dandora kila nyumba iko na mtu anakohoa. Leo sihubiri. Nataka kutubu mbele yenu.

Mwaka jana dada mmoja wa kanisa letu, mjamzito, alinipigia simu Jumatatu. Joto limepanda, mwili wote unauma, kifua kinabana. Nikamwambia, "Dada, vumilia, Ijumaa tuko na kesha, tutakuombea." Kufikia Ijumaa alikuwa kwenye oksijeni. Mungu alituhurumia, yeye na mtoto wako salama. Lakini daktari aliniuliza swali ambalo bado linaninyima usingizi: "Pasta, mlikuwa mnangoja nini?"

Akanieleza kwamba influenza si mafua ya kawaida, na iko na dawa yake, oseltamivir, ambayo wengine mnaijua kama Tamiflu. Dawa hiyo inazuia virusi kutoka kwenye seli moja kwenda kushambulia nyingine. Ndiyo maana inasaidia zaidi ikianzwa ndani ya saa 48 za kwanza. Aliyezidiwa hupewa hata akichelewa, lakini virusi vimeshasambaa. Mwaka 2009, homa ya nguruwe ilipoingia Kenya na wanafunzi kutoka Uingereza, walitengwa kule Kisumu na kupewa dawa hiyo hiyo.

Sisi je? Tunakimbia kemisti kununua Amoxil. Amoxil ni ya bakteria, jamani! Kwa virusi haifanyi kitu.

Sisemi kila mwenye kamasi atafute oseltamivir. Ni ghali, haiko kila kemisti, na wa kuamua ni daktari. Wengi wetu tutapona kwa kupumzika na uji moto. Lakini mama mjamzito, mtoto mchanga, wazee wetu, mwenye pumu, kisukari au anayeishi na virusi vya ukimwi: homa ikianza tu, hospitali siku hiyo hiyo.

Na mtu asiniambie huko ni kukosa imani. Someni 2 Wafalme 20. Mungu alikuwa ameshaahidi kumponya Hezekia, na bado Isaya akaagiza tini ziwekwe kwenye jipu.

Kesha ya Ijumaa iko, saa tatu usiku. Mwenye homa abaki nyumbani, asije kutuambukiza. Piga simu tu, na timu ya maombezi itaomba nawe hata ukiwa kwenye foleni ya daktari.