Kompyuta ya zamani, tusiitupe bado

Kompyuta yetu ya nyumbani ilichoka. Windows 7 yake haipati tena matengenezo ya usalama tangu Januari 2020, na kuifungua tu ni kungoja hadi uji uive. Fundi mmoja hapa Baraka alituambia tununue nyingine. Lakini pesa hiyo ndiyo minervali ya watoto wa sekondari.

Tukajaribu Lubuntu, ndugu mwepesi wa Ubuntu, programu ya bure iliyoanzishwa mwaka 2004 na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini. Jina Ubuntu maana yake ni utu.

Kwanza tuliiwasha kutoka kwenye flashi, bila kugusa kitu ndani ya mashine. Ilipotupendeza, tukaiweka kando ya Windows. Sasa tukiwasha, tunachagua moja. Kwa intaneti ni Lubuntu.

Tahadhari: wakati wa kuiweka, kosa moja laweza kufuta vyote. Tulinakili kwanza picha za marehemu mama yetu na hesabu za AVEC, tukangoja batri ya sola ijae. Nanyi nakilini kwanza, ndipo mjaribu.