Damu ya mgonjwa yaweza kuponya kidonda cha jino, lakini Chale iko mbali na mashine

JINO likishang'olewa, usalama wa mgonjwa hutegemea donge dogo la damu linaloziba tundu lililoachwa katika ufizi. Donge hilo likiporomoka mapema, mfupa wa taya hubaki wazi, na kwa kawaida maumivu makali huanza siku ya pili au ya tatu.

Hali hiyo, ambayo madaktari huiita tundu kavu, huwapata watu wachache wanaong'olewa meno ya kawaida. Kwa wanaofanyiwa upasuaji wa magego ya mwisho ya taya la chini, hatari huwa kubwa zaidi, hasa kwa wavutaji sigara.

Kwa mkazi wa mjini, tundu kavu ni adha ya siku chache. Kwa mvuvi wa Chale, kusini mwa Diani katika Kaunti ya Kwale, ni safari ya pili. Atalazimika kutoka kijijini hadi barabara kuu ya Likoni na Lunga Lunga, kisha aelekee Ukunda au Msambweni, huku akipoteza siku nyingine ya kazi na nauli nyingine.

Ni kwa sababu hiyo mbinu ya kutumia damu ya mgonjwa mwenyewe kuharakisha uponyaji inastahili kuangaliwa kwa jicho la Chale, wala si kwa jicho la miji mikubwa pekee.

Msingi wa mbinu hiyo ni chembe sahani, yaani chembe ndogo za damu zinazoanzisha ugandaji mtu anapojeruhiwa. Mbali na kuzuia damu kutoka, chembe hizo hubeba protini zinazochochea seli kuongezeka na mishipa mipya ya damu kuota katika kidonda.

Mwaka 1998, Robert Marx, daktari wa upasuaji wa kinywa na taya nchini Marekani, pamoja na wenzake walichapisha matokeo ya kutumia majimaji ya damu yenye chembe sahani nyingi katika kupandikiza mfupa wa taya. Utaratibu wao ulihitaji dawa ya kuzuia damu kuganda, kisha dawa nyingine iliyotokana na damu ya ng'ombe ili kuigandisha tena.

Mwaka 2001, Joseph Choukroun na wenzake nchini Ufaransa walirahisisha kazi hiyo. Damu huchukuliwa mkononi mwa mgonjwa, hutiwa katika neli zisizo na dawa ya kuzuia kuganda, na huzungushwa mara moja kwenye mashine. Utaratibu mmoja unaojulikana ni wa mizunguko 2,700 kwa dakika, kwa muda wa dakika 12.

Mashine inaposimama, chembe nyekundu huwa zimekaa chini na majimaji ya rangi ya manjano juu. Katikati hubaki donge la faibrini, utando wa nyuzinyuzi ulionasa chembe sahani. Daktari hulitoa, hulibana na kulitia ndani ya tundu la jino. Protini zake huendelea kutoka polepole kwa siku kadhaa.

Je, faida yake ni ipi hasa? Tafiti nyingi zilizofanywa kwa wagonjwa wa magego ya mwisho zinaelekea kuonyesha kuwa maumivu hupungua, nyama ya ufizi hufunga mapema, na visa vya tundu kavu huwa vichache. Ushahidi kwamba mfupa wenyewe hukua haraka zaidi ungali dhaifu, na tafiti nyingi zilihusisha wagonjwa wachache.

Kwa hivyo, donge la faibrini ni msaada kwa upasuaji uliofanywa vyema. Haliponyi usaha uliosambaa katika taya, wala halimwondolei daktari wajibu wa kusafisha kidonda. Mgonjwa mwenye upungufu mkubwa wa chembe sahani huenda asifaidike nalo.

Kwa upande wa gharama, mbinu hii haihitaji kiwanda wala dawa ghali. Mashine za kuzungusha damu ni vifaa vya kawaida vya maabara, ijapokuwa si kila mashine wala kila neli hufaa kwa kazi hii. Aidha, kwa kuwa damu ni ya mgonjwa mwenyewe, hatari ya kuambukizwa maradhi kutoka kwa mtu mwingine huepukwa, mradi neli ziwekwe alama sawasawa na usafi uzingatiwe.

Kikwazo kikubwa ni muda. Damu isiyotiwa dawa huanza kuganda dakika chache tu baada ya kutolewa. Ikicheleweshwa kabla ya kuzungushwa, faibrini huganda ovyo na donge linalohitajika halipatikani. Haiwezekani damu itolewe Chale, ipelekwe Msambweni kwa bodaboda, kisha irejeshwe ikiwa tayari.

Hapo ndipo fumbo lilipo. Anayehitaji zaidi kuepushwa safari ya pili ni yule anayeishi mbali, ilhali mbinu yenyewe hufanyika tu pale ambapo daktari, mashine na mgonjwa wako mahali pamoja.

Wapo watakaosema kuwa kaunti ambayo wananchi wake wengi hufika kwa daktari jino likiwa limeshaoza kabisa haina haja ya kufikiria faibrini. Hoja hiyo ina uzito. Shirika la Afya Duniani lilikadiria katika ripoti yake ya mwaka 2022 kuwa watu wapatao bilioni 3.5 duniani wana maradhi ya kinywa, na mengi ya maradhi hayo yangeweza kuzuiwa.

Hata hivyo, kinga na tiba si mahasimu. Huduma za afya za kaunti zilikabidhiwa serikali za kaunti mwaka 2013, na Kifungu cha 43 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya kiwango cha juu zaidi cha afya kinachoweza kufikiwa. Haki hiyo haikuandikiwa wakazi wa mijini pekee.

Hatari iliyopo ni mbinu hii kugeuzwa bidhaa ya anasa, itangazwe kwa watalii na wenye uwezo kama tiba ya miujiza, huku mwanakijiji akiendelea kung'olewa jino na kuambiwa arudi iwapo ataumwa.

Njia ya busara ni kuanzia katika hospitali ya rufaa ya kaunti iliyoko Msambweni, kwa wagonjwa wa upasuaji mgumu na wale watokao mbali, chini ya madaktari waliosajiliwa. Wanaorudi na maumivu wahesabiwe, na wasiorudi wafuatiliwe kwa simu, kwani asiyerudi huenda amepona au amekosa nauli.

Hesabu hiyo ndiyo itakayoonyesha iwapo mashine inafaa kusogezwa karibu na vijiji. Bila hiyo, mkazi wa Chale ataendelea kubeba ndani ya mishipa yake dawa ambayo hakuna aliye karibu wa kumwandalia.