Gari Linalia Likikata Kona? Uliza Kwanza, Hela Baadaye

Wengi wetu tuliojinyima huku Gulf tukanunua gari la biashara nyumbani tunaujua ujumbe huu wa sauti: "Dada, gari linalia likikata kona. Fundi anasema mguu wa mbele wote umekufa. Tuma hela leo." Unaingia usiku, umechoka, na alfajiri kazi inakusubiri. Unatuma ili ulale. Wiki mbili baadaye gari linalia vilevile.

Msimamo wetu ni huu: hela ya matengenezo itoke tatizo likishajulikana, siyo kabla. Hatusemi hivyo kwa kuwa ndugu zetu ni waongo. Mara nyingi dereva hajui, na fundi naye anabahatisha. Anabadilisha spea hii, ikishindikana anajaribu ile, na kila kubahatisha kunalipwa na jasho lako. Wakati mlio wenyewe unasema mengi. Uliza mambo matatu tu: unalia vipi, unalia wakati gani, na je, gari limepandishwa jeki likakaguliwa?

Ukisikia ka-ka-ka usukani ukiwa umekatwa mpaka mwisho huku gari likiongezwa mafuta, shuku sivijointi, kile kiungo kinachopeleka nguvu ya injini kwenye gurudumu la mbele. Kimefunikwa na mpira wenye grisi ndani. Mpira ukichanika, grisi inatoka, mchanga unaingia, vyuma vinasagana. Ukiwahi mapema unabadilisha mpira na grisi, gharama ndogo. Kikishaanza kulia, grisi haiponyi tena. Na hapa fungua macho: IST na Probox za kawaida zinavutwa na magurudumu ya mbele, kwa hiyo zina kiungo hicho mbele. Hiace ya kawaida inasukumwa na magurudumu ya nyuma, mbele haina. Ukiombwa hela ya sivijointi ya mbele ya Hiace hiyo, uliza tena taratibu.

Mlio ukiwa ni mvumo, vuuu, unaopanda kadiri mwendo unavyopanda, shuku beringi ya gurudumu. Gari likikata kushoto uzito unaegemea kulia, kwa hiyo mvumo ukizidi hapo, waanze kukagua upande wa kulia.

Gari likiguna usukani unapozungushwa wakati limesimama au linaenda polepole, watazame kwanza mafuta ya pawa stelingi na mkanda wake. Mafuta yakipungua, ujue kuna mahali yanavuja. Kujaza bila kuziba ni kumwaga hela. Ila magari mengine usukani wake unasaidiwa na mota ya umeme na hayana mafuta hayo kabisa.

Kuna na milio ya bure. Tairi kubwa kuliko saizi yake hukwaruza plastiki ya ndani ya madigadi. Hapo dawa ni kurudisha saizi sahihi.

Lakini mlio wa kugonga, ko-ko, au wa kukwaruza kama mlango wenye kutu, usiufanyie mchezo. Inaweza kuwa bolijointi au tairodi. Bolijointi ikichomoka gurudumu linalala na dereva hana tena usukani. Fundi apandishe gari, ashike gurudumu juu na chini atikise, kisha kushoto na kulia. Likicheza, gari lisibebe abiria hata mmoja mpaka chanzo kipatikane na kitengenezwe.

Kwa hiyo tunawaambia pia wale wenzetu waliochoka kuombwa, ambao kila ujumbe wanaujibu "subiri mwisho wa mwezi." Hilo nalo ni kosa. Mpira uliochanika ukisubiri unakuwa kiungo kizima cha kununua. Bolijointi ikisubiri inaweza kuwa msiba, na anayeshika usukani ule ni mdogo wako.

Tunajua wengine watasema, "Nikiuliza sana, kaka ataona simwamini." Mwambie ukweli: unauliza kwa sababu yeye ndiye anayekaa ndani ya gari hilo. Dereva mwema hachukii maswali. Tena yanamsaidia mbele ya fundi, maana anaenda gereji akijua la kusema.

Utaratibu wenyewe si mgumu. Akutumie video fupi ya mlio, madirisha wazi, mahali pasipo na magari mengine. Fundi akishakagua, bei ya spea na bei ya ufundi ziandikwe mbalimbali. Ukiweza, hela ya spea ilipe moja kwa moja dukani kwa simu. Spea ya zamani ipigwe picha ikiwa pembeni ya mpya. Na katika hesabu ya kila wiki, sehemu ibaki hukohuko kama mfuko wa matengenezo, ili mpira wa sivijointi usingoje mshahara wa Muscat au Doha.

Gari la biashara linapaswa kukulisha wewe na waliobaki nyumbani. Likiwa wewe ndiye unayelilisha kila mwezi bila kujua linakula nini, bado hujanunua biashara.