Maana ya Maneno: Uboho



Kijana mmoja, msomaji wa ukurasa huu, ametuletea swali. Chuoni amefundishwa kwamba dua ni ubongo wa ibada; nyumbani baba yake humwambia kwamba dua ni uboho wa ibada. Yupi aliye sahihi? Swali hili si la mchezo, kwani mwenye kuikosa maana ya neno huikosa na faida yake.

Neno lililomo katika hadithi hiyo ni mukhkh. Asili yake kwa Kiarabu ni ule ute wa mafuta ulio ndani ya mfupa, ambao sisi twauita uboho, na wengine uloto. Ibn Mandhur, aliyefariki mwaka 711 Hijria (1311), ameeleza hivyo katika kamusi yake Lisanul-Arab. Ameongeza kuwa hata ubongo huweza kuitwa mukhkh, na kwamba kilicho safi katika kila kitu ndicho mukhkh yake. Sababu yaonekana: ubongo nao ni kitu laini kilichofungiwa ndani ya mfupa wa kichwa. Waajemi vile vile, neno lao maghz ni ubongo, ni uboho, na ni kiini cha lozi. Na neno la Kiingereza marrow limetoka katika shina moja na hilo la Kiajemi. Leo Waarabu wakisema mukhkh aghlabu hukusudia ubongo. Basi si ajabu mwalimu akafasiri hivyo.

Lakini tutazame neno hili lilivyotumika katika hadithi nyingine. Bukhari na Muslim wamepokea sifa ya wake wa Peponi, kwamba kwa uzuri wao mukhkh ya miundi yao huonekana kwa nyuma ya nyama. Muundi hauna ubongo, una uboho. Kwa hiyo baba ameshika shina, na mwalimu ameshika tawi.

Hapa yapasa tuseme na jambo la pili, kwa ajili ya uaminifu. Hadithi hii ameipokea Tirmidhi, aliyefariki mwaka 279 Hijria, kutoka kwa Anas bin Malik, naye mwenyewe akasema kuwa haijulikani ila kwa njia ya Ibn Lahia, ambaye wanavyuoni wamemtia dosari katika kuhifadhi. Iliyo na nguvu ni ile ya Nuuman bin Bashir, isemayo kwamba dua ndiyo ibada yenyewe. Tuwafundishe watoto wetu zote mbili, kila moja kwa daraja yake.

Na je, uboho una kazi gani? Zamani wengi walidhani ni mafuta tu ya kujaza mfupa. Mwaka 1868 tabibu wa Kijerumani, Ernst Neumann, alieleza kuwa chembe za damu huzaliwa humo. Chembe nyekundu huishi siku 120 hivi, kisha hufa. Basi uboho haupumziki usiku wala mchana. Ukiharibika, mtu hupungukiwa na damu, akadhoofika, hali mifupa yake kwa nje yaonekana mizima.

Sasa, ndugu msomaji, pima sala yako. Kisimamo, rukuu na sijida ni mifupa, na bila ya mifupa hapana mwili. Lakini yuko anayesujudu upesi, akatoa salamu, akakimbilia viatu vyake, wala hakumwomba Mola wake hata jambo moja kwa moyo wake. Kwa nje sala ni nzima; ndani imekauka. Na watoto wake humwona akiinama na kuinuka kila siku, wasijue kamwe kwamba baba yao ana haja kwa Mwenyezi Mungu. Watajifunza nini kwake, ila kuinama na kuinuka?

Basi siku ya supu ya mifupa, mtoto anapougonga mfupa wake sahanini apate kilichomo, mwelezeni habari hii. Kisha, mkimaliza kula, kila mmoja na ainue mikono aombe haja yake kwa lugha aijuayo, na mzazi awe wa kwanza.

Wabillahi tawfiq.