TAJIRI AKAZE PRESHA, DEREVA AKATWE MSHAHARA?



Sisi wa reli tuliozaliwa Meru na Embu, kwetu hakuna reli. Njia ilifika Nanyuki mwaka 1930 ikakoma. Basi ndugu zetu kule ni watu wa barabara: madereva, mataniboi na makanika. Habari wanazotuletea hazivumiliki.

Tajiri wa gari la miraa ataka mzigo utoke Maua uwahi Nairobi kabla haujanyauka. Mbio za gari hazimtoshi. Amwambia makanika, "Kaza presha ya mafuta." Makanika akikataa, yuko mwingine mlangoni mwenye njaa.

Twamwuliza tajiri huyu: nguvu itatoka wapi? Gari la petroli lenye injekta latumia presha ya paundi 45 hivi. Ukiipandisha hadi 60, mafuta hayazidi kwa theluthi. Yazidi kama sehemu 15 katika mia. Tena kompyuta ya gari, ikinusa moshi katika ekzosi, huyapunguza yakarudi yalivyokuwa. Kinachobaki ni pampu kuchoka na mipira kuvuja petroli juu ya injini ya moto. Hata yangezidi, mafuta bila hewa ni masizi tu, na hewa ya Meru, futi 5,000 hivi juu ya bahari, ni nyepesi tayari. Aliyefunga taabo ana haki ya kugusa regyuleta, kwa kuwa hewa yenye presha hushindana na mafuta mdomoni mwa injekta. Lakini fundi huyo hufunga geji, hupima, huandika. Katika karakana yetu hakuna mtu agusaye gavana ya injini bila kutia sahihi kitabuni.

Neno lenyewe ni mshahara. Injini ikiungua, tajiri amkata dereva! Sheria ya Ajira ya 2007 yaruhusu kukata kwa hasara aliyoifanya mfanyakazi kwa kusudi. Dereva aliyeendesha gari kama alivyokabidhiwa amekusudia nini? Na gari likishika moto pale Mwea akaungua, Sheria ya Fidia ya Majeraha Kazini, ya mwaka huo huo, yamtaka tajiri alipe, hata kama alimwandika kwa mdomo tu.

Basi twadai hivi. Amri ya kukaza presha itolewe kwa karatasi, yenye jina la mwenye gari na tarehe, na nakala abaki nayo makanika. Dereva aonyeshwe karatasi hiyo kabla hajawasha gari. Tajiri asiyetaka kuandika, ashike spana mwenyewe, akaze, kisha aendeshe mwenyewe mpaka Nairobi.