Vumbi la Jiwe na Tezi za Mapafu

Katika maduara ya Geita na machimbo ya Kahama, mkoani Shinyanga, kifua kikuu huzungumzwa kana kwamba ni shauri la kijidudu peke yake. Mchimbaji hukohoa, hupimwa makohozi, hupewa dawa bila malipo, na kwa kawaida huzimeza kwa miezi sita. Utaratibu huo ni mzuri, lakini hautoshi. Kijidudu alichokitangaza Robert Koch mwaka 1882 ni nusu ya habari; nusu ya pili ni vumbi, na mahali linapofikia.

Dhahabu ya ukanda huu aghalabu imo katika mishipa ya kwatzi, jiwe gumu ambalo ni silika. Jiwe hupasuliwa kwa nyundo, kisha husagwa katika karasha. Punje kubwa za vumbi hunaswa puani na kooni. Zile ndogo kabisa, zisizofika sehemu moja ya mia ya milimita, hupenya hadi kwenye vifuko vya hewa. Huko humezwa na chembe walaji. Bakteria wengi wakimezwa huyeyushwa, silika haiyeyuki. Hujeruhi chembe kwa ndani mpaka ife, punje hutoka zilivyoingia, na chembe nyingine huzimeza. Baadhi ya punje huchukuliwa hadi kwenye tezi za limfu zilizopo penye shina la mapafu.

Watu wengi huijua tezi ya limfu siku ya mtoki tu, mguu ukiwa na jeraha. Hata darasani hupitiwa upesi, mchoro mmoja na majina matatu. Hali tezi hiyo ndiyo shule ya kinga. Chembe zenye matawi, zilizoelezwa na Ralph Steinman na Zanvil Cohn mwaka 1973, huleta humo vipande vya adui na kuvionyesha kwa limfositi. Limfositi inayomtambua adui huongezeka kwa wingi, na hizo mpya hazitawanyiki ovyo: nyingi hurejea kwenye kiungo ambako habari ilitoka. Kwa kifua kikuu kazi hiyo ni ya polepole. Kipimo cha ngozi huchukua kati ya wiki 2 na 8 tangu maambukizo kuonyesha kwamba mwili umekwisha kujifunza.

Sasa shule hiyo ijazwe vumbi la jiwe. Tezi hufanya makovu, na pengine ukingo wake hushika chokaa, ukaonekana katika picha ya eksirei kama ganda la yai. Mapafu yenyewe nayo yamekwisha kupoteza walaji wake. Ndiyo maana mwenye ugonjwa wa vumbi la silika yumo katika hatari ya kifua kikuu mara kadhaa kuliko mwingine, na hatari hiyo humfuata hata baada ya kuacha machimbo. Dawa huua kijidudu, kovu hubaki.

Basi kinga yafaa ianzie kwenye jiwe. Kitambaa kilichofungwa puani hakizuii punje hizo. Maji huzizuia: jiwe lilowanishwe kabla ya kupasuliwa, mwamba utobolewe kwa maji, na karasha iwekwe mbali na nyumba wanamolala watoto. Itasemwa kwamba maji ni haba Shinyanga wakati wa kiangazi. Ni kweli, lakini unga huo huo husafishwa kwa maji baadaye ili dhahabu ipatikane. Maji hupatikana kwa ajili ya dhahabu, hayapatikani kwa ajili ya pafu. Gharama ya pipa na mpira wa maji ni ya mwenye karasha, si ya kijana anayesaga.