Tamaa peke yake haitoshi

Ndugu mwandishi, uliposema kwamba watu huua kwa tamaa, umepita mbiombio. Chukua kisa cha kweli alichoandika mwandishi Truman Capote. Novemba 1959, huko Kansas, Marekani, wahalifu wawili, Hickock na Smith, walivamia nyumba ya mkulima Clutter kwa kuwa Hickock aliambiwa gerezani kuna sefu ya pesa. Sefu yenyewe haikuwepo! Waliondoka na redio, darubini na pesa zisizofika dola 50, wakaacha maiti nne, Clutter na familia yake. Sasa watu wameshafungwa kamba, pesa hakuna, kuwaua kwa nini? Kuficha ushahidi, sawa. Lakini Smith alikiri kwamba kabla ya kumkata Clutter koo alimtandikia boksi la godoro, maana sakafu ilikuwa baridi. Tamaa gani hiyo?